Maji ya Meru Yahitaji Shahidi

Mtu atokaye mjini Arusha kwa barabara iendayo Namanga, akafika Ngaramtoni na kuingia Olmotonyi, huuona kwa macho yake utajiri ambao sehemu nyingi za nchi yetu hazikujaliwa. Juu yake umesimama msitu wa Mlima Meru. Chini yake yametandazwa mashamba ya kahawa, mahindi, maharage na mboga. Na kati ya msitu na mashamba hushuka maji. Hapo Olmotonyi pana Chuo cha Misitu, ambacho kwa miaka mingi kimewafundisha vijana wetu kwamba akataye msitu amekata chemchemi. Fundisho hilo ni la kweli, tena limeenea. Lakini liko fundisho la pili ambalo bado halijaenea, nalo ni hili: maji yaliyotoka msituni hupita katika mikono mingi kabla ya kufika kinywani mwa mnywaji, na katika safari hiyo jicho la mnywaji si shahidi wa kutosha.

Twapenda leo kuwaeleza ndugu wasomaji habari za shahidi mwingine. Ni chombo kidogo ambacho wataalamu wa kemia na umeme wamekitengeneza kwa kutumia kimeng'enya, yaani kitu kile kile kifanyacho kazi ndani ya miili yetu, ili kigundue sumu iliyomo katika maji. Mtu asidhani kwamba hii ni habari ya watu wa maabara peke yao. Ni habari ya mfanyakazi abebaye bomba la dawa mgongoni, na ya mama achotaye maji katika mfereji upitao chini ya shamba hilo hilo.

MACHO HAYATOSHI

Watu wa Arusha na Meru hawana haja ya kufundishwa kwamba maji maangavu yaweza kudhuru. Ushahidi wanao katika meno yao. Meru ni mlima wa volkano. Miamba yake ina floraidi nyingi, na maji yapitayo katika miamba hiyo huichukua na kushuka nayo. Vipimo vilivyochapishwa na wataalamu mwaka 1984 vilionyesha kwamba mto Maji ya Chai ulikuwa na miligramu 12 hadi 14 za floraidi katika kila lita, Engare Nanyuki miligramu 21 hadi 26, na maziwa ya Momella yalifikia miligramu 690. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5. Mtoto akuaye kwa maji yaliyozidi kiwango huota meno yenye madoa ya kahawia. Na mtu aendeleaye miaka mingi kunywa maji yenye floraidi nyingi sana aweza kupinda mifupa na kukakamaa viungo. Kuyachemsha hakusaidii kitu, maana moto hupunguza maji na kuiacha floraidi palepale.

Historia ya kipimo cha floraidi nchini mwetu ina mafunzo. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa kuwafikishia wananchi wa vijijini maji karibu na nyumba zao. Mwaka 1974 viwango vya muda vya maji viliruhusu floraidi ifikie miligramu 8 katika lita. Kiwango hicho hakikuwekwa kwa sababu miligramu 8 hazina madhara. Kiliwekwa kwa sababu, kama kingekuwa kikali zaidi, vijiji vingi vingeambiwa kwamba havina maji ya kunywa hata kidogo. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na kiwango cha taifa cha mwaka 2018 kikawa 1.5. Twajifunza hapa kwamba kuandika tarakimu katika karatasi ni rahisi, lakini tarakimu hiyo haimlindi mtu yeyote mpaka pawepo mkono wa kupima na fedha ya kutekeleza.

Hata hivyo, kwa floraidi tumekwisha kumtambua adui. Hupimwa kwa elektrodi yenye fuwele maalumu, ambayo Frant na Ross waliitangaza huko Marekani mwaka 1966, nayo haihitaji kimeng'enya. Kadhalika kituo cha Ngurdoto, katika Arumeru, kimefanya kazi ya kuichuja kwa mkaa wa mifupa. Sumu hii ililetwa na mlima. Iko nyingine iletwayo na mikono yetu wenyewe, nayo haiachi doa katika jino wala rangi katika maji.

SUMU ILETWAYO KWA MIKONO

Twanena juu ya dawa za kuulia wadudu. Si ajabu kwamba mazungumzo haya yaanzie upande wa Ngaramtoni na Olmotonyi, kwa maana ndipo ilipokaa taasisi iliyoshughulika na dawa hizo kuliko nyingine yoyote nchini. Kazi yake ilianza katika enzi ya ukoloni. Ikaendelea chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na jumuiya ile ilipovunjika mwaka 1977, sheria ya mwaka 1979 iliifanya kuwa taasisi ya taifa, ndiyo iliyojulikana kwa herufi TPRI. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ikaiingiza katika Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Basi elimu haiko mbali na shamba. Swali ni kama imekwisha kuvuka barabara na kuingia shambani.

Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wakulima wadogo wa mboga katika mikoa ya kaskazini. Katika kila wakulima 100 waliohojiwa, 68 walisema kwamba walijisikia wagonjwa baada ya kupiga dawa kwa utaratibu wao wa kawaida. Walitaja kizunguzungu, kuumwa kichwa na maradhi ya ngozi. Karibu theluthi moja walikuwa wakichanganya dawa mbalimbali katika bomba moja. Hao ni watu waliozishika dawa kwa mikono yao na kujua kwamba wamezishika. Je, yule aliye chini ya mfereji, ambaye hakushika bomba wala hakuona kopo, atajuaje?

Dawa nyingi za wadudu zimo katika jamii mbili, oganofosfeti na kabameti, na namna ziuavyo yafaa kila mfanyakazi aifahamu. Neva ikitaka kuuamuru msuli ujikunje, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Amri ikishafika, yupo mfagizi aiondoaye kemikali hiyo mara moja ili msuli upumzike. Mfagizi huyo ni kimeng'enya, na jina lake ni kolinesterasi. Dawa za jamii hizo mbili humfunga mikono. Amri hujaa bila kuondolewa. Mboni za macho hunywea, mate na jasho humtoka mtu, misuli humcheza, na sumu ikiwa nyingi pumzi hukatika. Hivyo ndivyo afavyo mdudu, na hivyo ndivyo awezavyo kufa binadamu, maana mdudu na binadamu katika jambo hili wameumbwa kwa kanuni moja.

MLINZI JUU YA ELEKTRODI

Hapo ndipo ilipotokea fikra ya wataalamu. Walijiuliza: ikiwa sumu humfunga mfagizi huyu mwilini, kwa nini tusimtoe nje ya mwili, tukamweka mlangoni kama mlinzi, ili afungwe yeye kabla hatujafungwa sisi?

Kimeng'enya ni protini iharakishayo kazi moja maalumu bila yenyewe kumalizika. Mtu akitafuna ugali kwa muda mrefu huona utamu ukitokea; ni kimeng'enya cha mate kinachoivunja wanga na kuigeuza sukari. Mwaka 1962 Leland Clark na Champ Lyons, Wamarekani, walieleza namna ya kukiunganisha kimeng'enya na elektrodi, ili kazi ya kimeng'enya isomwe kwa umeme. Kutokana na fikra hiyo kimepatikana chombo ambacho wengi wetu tumekwisha kukiona hospitalini: kile cha kupimia sukari, ambapo tone la damu huwekwa katika kijikaratasi na tarakimu hutokea baada ya muda mfupi. Hakuna mgonjwa wa kisukari anayelazimika kuwa mkemia ili akitumie.

Chombo cha kupimia dawa katika maji ni ndugu wa kile cha sukari. Huchukuliwa kijipande cha plastiki kilichochapwa wino wa kaboni upitishao umeme. Juu yake hubandikwa kolinesterasi. Kisha hutiwa kemikali ambayo kimeng'enya huivunja, na kile kipatikanacho hutoa elektroni katika kaboni, yaani hutoa mkondo mdogo wa umeme. Mkondo huo hupimwa na kuandikwa. Baadaye kijipande hutumbukizwa katika maji yanayochunguzwa, huachwa kwa dakika kadhaa, na mkondo hupimwa tena. Ikiwa maji hayana sumu ya namna hiyo, mkondo hubaki karibu vile vile. Ikiwa yamo oganofosfeti au kabameti, mlinzi amefungwa, na mkondo hushuka. Kadiri sumu ilivyo nyingi ndivyo mkondo ushukavyo. Hapa ukimya ndio habari, kama vile kijijini mbwa wa mlango asipobweka usiku watu hutoka kuangalia amepatwa na nini.

Viko vyombo vingine vya ukoo huo. Kimeng'enya kiitwacho tirosinasi hutumika kugundua fenoli zitokazo katika baadhi ya viwanda, na hapo mkondo hupanda badala ya kushuka. Ureasi hudhoofishwa na zebaki, na kwa hiyo yaweza kuitolea ushahidi. Lakini kwa mkulima wa nyanya na mfanyakazi wa maua, huyu wa kolinesterasi ndiye wa kwanza kufahamiwa. Tena ana faida ya pili, kwamba damu ya mpiga dawa nayo ina kolinesterasi. Ikipimwa kabla ya msimu na ikapimwa tena msimu ukiwa katikati, upungufu wake husema yale ambayo mwenyewe bado hajayasikia mwilini.

SHAHIDI ASIYEJUA KILA KITU

Hatupendi kuwauzia wasomaji wetu muujiza. Shahidi huyu ana mipaka, na asiyeijua mipaka yake atadanganyika.

Kwanza, hasemi jina la mwuaji. Husema kwamba yuko kitu kilichomfunga mikono, lakini hawezi kusema ni dawa gani kati ya nyingi. Jina lataka maabara kubwa yenye mitambo ya kutenganisha kemikali. Basi kijipande ni cha kutoa hadhari, na maabara ni ya kutoa hukumu.

Pili, ziko sumu asizoziona kabisa. DDT haishambulii kolinesterasi. Wasomaji wanaokumbuka habari za Vikuge, Kibaha, wanajua kwamba dawa zilizoletwa kutoka Ugiriki mwaka 1986, nyingine zikiwa zimekwisha muda wake, ziliharibu udongo wa mahali pale kwa DDT na wenzake hata baada ya shehena kuondolewa. Kijipande chetu kingetumbukizwa katika maji ya namna hiyo, kingesema salama, na kingekuwa kimesema uongo bila kujua. Ziko pia dawa kama klopairifosi, ambazo hazimfungi mlinzi sawasawa mpaka zigeuzwe kwanza kwa kemikali. Mwilini ini huzigeuza, lakini katika chupa ya maji hakuna ini.

Tatu, kimeng'enya ni kitu cha uhai, na joto huki­haribu. Chombo kilichosafirishwa bila ubaridi, kikakaa miezi katika ghala lenye bati kali, kitafika kwa mpimaji kikiwa kimekwisha kufa. Na kimeng'enya kilichokufa hakitoi mkondo, nasi tungedhani maji yote ya wilaya yametiwa sumu.

Nne, na hili latuhusu sisi wa Meru kuliko wengine. Floraidi nayo, ikiwa nyingi, huweza kumlegeza kolinesterasi. Chombo kilichojaribiwa kwa maji ya Ulaya, yenye floraidi kidogo, kikiletwa Maji ya Chai au Engare Nanyuki chaweza kupiga kelele za dawa mahali ambapo yaliyomo ni madini ya mlima tu. Mkulima asiye na hatia atashutumiwa, na baada ya mara mbili au tatu hakuna atakayekiamini tena. Kwa hiyo haitoshi kununua. Chombo cha kupima maji ya Meru yapasa kirekebishwe kwa maji ya Meru, floraidi ikipimwa pamoja nacho, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu aliye mbali.

NANI APIME?

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Twasikia watu wakisema kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri, na kwamba sisi tutafute mabomba kwanza. Twajibu kwamba bomba hubeba chochote kilichotiwa mwanzoni mwake. Watu waliochota mferejini wakaumia, wakiletewa maji ya mfereji ule ule kwa bomba, wataumia wakiwa wamesimama karibu zaidi na nyumba zao.

Wengine husema kwamba tukipima na kutangaza, tutawatisha wanunuzi wa mboga na maua. Hao twawajibu kwa msemo wa wazee: mficha maradhi, kilio humfichua. Mnunuzi wa ng'ambo anao wapimaji wake bandarini mwake. Yeye hupima kila atakacho kabla ya kula. Je, ni haki kwamba nyanya iendayo mezani kwa mgeni ipimwe, na maji yaendayo katika mtungi wa aliyeilima yasipimwe?

Wala tusiseme kwamba hatuna akili za kazi hii. Mwaka 2015 Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, hapa Arusha, alipewa tuzo ya Afrika ya uvumbuzi wa uhandisi itolewayo na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa kichujio cha maji kiwezacho kutengenezwa kulingana na uchafu wa mahali husika. Lakini kichujio cha namna hiyo chataka kwanza ijulikane ni uchafu gani. Kwa maneno mengine, mchujaji na mpimaji ni mapacha. Hapa mkoani pana taasisi hiyo, pana maabara za viuatilifu Ngaramtoni, pana ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na pana Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo mito ya kusini mwa Meru imo katika himaya yake. Kinachohitajika ni kwamba wakae meza moja, na kwamba mwananchi awe na kiti katika meza hiyo.

Kwa maoni yetu mambo manne yangefaa kuanzwa. La kwanza, wataalamu wavijaribu vipimio hivi katika maji ya mito na mifereji yetu wenyewe, masika na kiangazi, na kuvilinganisha na mitambo ya maabara, mpaka ijulikane vyasema kweli wapi na vyadanganya wapi. La pili, vyombo vya watumia maji vijijini vipewe vipimio vilivyokwisha kuthibitishwa, pamoja na kijana mmoja au wawili waliofundishwa kuvitunza katika ubaridi na kuandika matokeo katika daftari. La tatu, matokeo yasomwe katika mkutano wa kijiji kama yasomwavyo mapato na matumizi. Kipimo ambacho majibu yake hufungiwa kabatini hakina tofauti na kipimo ambacho hakikufanywa. La nne, kila mwajiri awekaye watu kupiga dawa awapimie damu kabla ya msimu na katikati yake, na atakayeonekana amepungukiwa aondolewe katika dawa, apewe kazi nyingine, bila kupunguziwa ujira. Maana mfanyakazi akijua kwamba kupimwa ni kupoteza mkate, atakimbia kipimo hata kama ni cha kumwokoa.

Na wakati tukivingojea vyombo hivyo, yako ya kufanya yasiyohitaji umeme wala kimeng'enya. Bomba la dawa lisisafishwe mferejini. Kopo la dawa lisigeuzwe kuwa la maziwa au la mafuta. Nguo za kupigia dawa zisifuliwe pamoja na za watoto. Dawa ipigwe mdudu anapoonekana, kwa kipimo kilichoandikwa, wala si kwa kufuata kalenda au kwa kumwiga jirani. Kipimo bora kabisa ni kile kisichopata kitu cha kupima.

Tukumbuke kwamba maji hayana mpaka wa shamba wala wa wilaya. Yale yapitayo Themi hufika Kikuletwa, yakaingia Nyumba ya Mungu, yakashuka na Pangani hadi baharini. Atiaye sumu juu humtilia mtu ambaye hatamjua kamwe, na mtu huyo hana njia ya kumshtaki, kwa kuwa hana ushahidi. Mwenye shamba kubwa anaweza kumlipa mtaalamu ampimie maji yake. Asiye na kitu hutegemea jicho na ulimi, ambavyo kwa sumu hizi havisemi neno. Ndiyo sababu twasema kwamba kipimio kidogo, cha bei ndogo, kilichorekebishwa hapa na kushikwa na wanakijiji wenyewe, ni jambo la haki kabla ya kuwa jambo la sayansi. Elimu iko Ngaramtoni. Maji yanapita mlangoni pake. Yapasa sasa vikutane.